Namna ya Kupima Iwapo Mtandao wa Neva Bandia Una Akili au Una Fahamu

Mwongozo huu nimewakusudia walimu wa skuli, wanafunzi wa vyuo na wazazi wa Unguja na Pemba, ambao sasa wanaulizwa mara kwa mara kama programu za kuzungumza zilizomo ndani ya simu, ambazo zimejengwa kwa mitandao ya neva bandia, zina akili, na kama kuna chochote zinachokihisi. Swali hili si la kupitishia wakati barazani. Kijana wa Wete anayeieleza programu siri ambayo hajapata kumweleza mama yake ameshatoa hukumu, ijapokuwa hakuitamka, kwamba upande wa pili yupo anayemsikiliza. Na mgonjwa anayefuata ushauri wa dawa wa programu hiyo bila ya kumuuliza daktari naye ameshahukumu kwamba ina akili ya kutosha kuaminiwa. Hukumu za namna hiyo zinapimika, ingawa si zote kwa kiasi kimoja, na ni haki ya wale wanaotutegemea kwamba tuzipime kabla ya kuwaambia ndiyo au hapana.

Tenganisha maswali kabla ya kuanza

Kosa linaloharibu mazungumzo mengi juu ya jambo hili ni kuyachanganya maswali mawili. Swali la akili linahusu uwezo: je, kitu hiki kinaweza kujifunza, kutatua tatizo ambalo hakijapata kukutana nalo, na kulihamisha somo la mahali pamoja hadi mahali pengine? Swali la fahamu linahusu hisia za ndani: je, kuna maumivu yanayouma, kuna harufu ya karafuu inayonukia, kuna yeyote ambaye mambo hayo yanamfika? Mwanafalsafa wa Marekani Thomas Nagel, katika makala yake ya mwaka 1974, aliliweka swali hili la pili kwa kumtumia popo, akiuliza kuwa popo kunakuwaje kwa popo mwenyewe. Mtoto mchanga hawezi kutatua hesabu yoyote, lakini hakuna mzazi anayetilia shaka kwamba njaa inamuuma. Na kikokotoo kinakokotoa kuliko sisi sote bila ya mtu yeyote kukidhania kuwa kinafurahi. Kwa hiyo jibu la swali moja haliwezi kuchukuliwa kuwa jibu la jingine, na kila mnapokaa kujadiliana, mwanzo kabisa mkubaliane mnajadili lipi.

Lipo pia suala la roho, ambalo wengi wetu hapa tunalileta mara moja. Hilo ni la dini, na waumini wanaijua mipaka yake katika aya ya 85 ya Suratul Israa. Vipimo vinavyofuata havigusi roho, wala havidai kuigusa.

Jua kinachofanyika ndani

Hamwezi kupima kitu ambacho hamjui kinavyofanya kazi, kwa hiyo kabla ya jaribio lolote waelezeni wanafunzi mtandao wa neva bandia ni nini hasa. Tuseme mnataka mtandao utakaozitazama picha za karafuu kavu na kuzigawa baina ya zilizokauka vyema na zilizoharibika kwa kukosa jua. Picha inaingia ikiwa safu ndefu ya tarakimu, kila nukta ya rangi na tarakimu zake. Kila neva bandia inapokea baadhi ya tarakimu hizo, inaizidisha kila moja kwa kiwango chake cha uzito, inajumlisha, kisha inaipitisha jumla hiyo katika kanuni fupi ya hesabu inayoamua ni kiasi gani kipelekwe kwenye tabaka linalofuata. Tabaka la mwisho linatoa jibu. Mwanzoni viwango vya uzito vimewekwa kwa kubahatisha tu na majibu ni ovyo. Lakini kila jibu likikosewa, hesabu hupigwa kurudi nyuma, kutoka tabaka la mwisho hadi la kwanza, ili kujua kila kiwango kimechangia kiasi gani katika kosa, na kila kimoja hurekebishwa kidogo. Baada ya maelfu ya picha, mtandao unazigawa karafuu bila ya mtu yeyote kuuandikia kanuni ya karafuu nzuri.

Wazo la neva ya aina hii lilitolewa na Warren McCulloch na Walter Pitts mwaka 1943, na ile njia ya kurekebisha kwa kurudi nyuma ilienea baada ya makala ya David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams ya mwaka 1986. Programu za kuzungumza zinatumia msingi uo huo, kwa muundo uliobuniwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Zinasomeshwa maandishi mengi mno ya wanadamu na kutakiwa kubashiri kipande cha neno kinachofuata, kisha husomeshwa zaidi ili majibu yao yawe ya adabu na yenye manufaa. Mtandao wa GPT-3 wa kampuni ya OpenAI, uliotolewa mwaka 2020, ulikuwa na viwango vya kurekebishwa bilioni 175.

Katika maelezo haya yote, mambo mawili yashikwe barabara kwa sababu yatatumika baadaye. La kwanza ni kwamba, kwa kawaida, mazungumzo yenu hayabadilishi chochote ndani ya mtandao wenyewe. Programu inayoonekana kumkumbuka mtu huwa imerejeshewa maandishi ya nyuma pamoja na swali jipya. La pili, ambalo ndilo kubwa, ni kwamba yote inayoyasema juu ya furaha, hofu na upweke imeyapata kutoka kwa watu walioandika furaha, hofu na upweke wao.

Kupima akili

Anzeni na tahadhari iliyopatikana Berlin zaidi ya karne moja iliyopita. Mwalimu mstaafu aliyeitwa Wilhelm von Osten alikuwa na farasi, Hans, ambaye alijibu maswali ya hesabu kwa kupiga ukwato chini, na wengi waliomtazama waliamini kwamba anajua kujumlisha. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alieleza siri yake: farasi alikuwa akisoma mabadiliko madogo ya mwili wa muulizaji, ambaye bila ya kujijua alilegea hesabu ilipofika penye jibu. Muulizaji asipolijua jibu, farasi naye hakulijua. Hans hakuwa mjinga, kwani kusoma mwili wa mtu kwa makini namna ile ni ustadi. Ila ustadi wake haukuwa ule alioambiwa kuwa anao.

Mitandao ya neva ina tabia hiyo hiyo ya kushika njia ya mkato. Rudini kwenye mfano wa karafuu. Ikiwa picha zote za karafuu nzuri zilipigwa juu ya majamvi na zote za karafuu mbaya zilipigwa juu ya sakafu ya saruji, mtandao unaweza kupata alama kamili kwa kujifunza kutambua jamvi, na wala usijue lolote juu ya karafuu. Kosa hilo halitaonekana mpaka uwekewe picha ya karafuu mbovu juu ya jamvi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kipimo: badilisha kile ambacho hakipaswi kubadilisha jibu, kisha utazame kama jibu limebaki pale pale.

Kwa programu za kuzungumza, fanyeni hivi. Chagueni jambo ambalo watu wa hapa wanalijua kwa sababu zake, si kwa kulihifadhi tu. Mimi napendelea maji kupwa na kujaa, kwa kuwa hata mwanafunzi wa darasa la sita wa Kojani anaweza kuhakiki jibu. Ulizeni: mwezi umeandama jana, mwanamke anayekwenda kuchokoa pweza ataukuta mwamba uko wazi zaidi kesho, au baada ya siku saba? Jibu sahihi ni kesho, kwa sababu karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, tukapata bamvua, ambapo maji hujaa sana na hupwa sana. Na baada ya juma moja mvuto wao huwa umepishana, tukapata maji mafu, na mwamba haufunuki vya kutosha. Programu nyingi zitalijibu hili vizuri. Lakini jibu hilo peke yake bado halijathibitisha kitu, kwa kuwa maelezo ya bamvua yamejaa katika vitabu ambavyo programu imesomeshwa.

Sasa ibadilisheni dunia. Iambieni kuwa kuna kisiwa cha kubuni ambako bamvua huja mwezi ukiwa nusu na maji mafu huja ukiwa mpevu au unapoandama, kisha muiulize swali lile lile. Mwenye kufikiri ataifuata kanuni mpya hadi mwisho, na mwenye kukumbuka tu atateleza na kurudi kwenye bahari aliyoizoea. Kisha tieni ndani ya swali jambo lisilohusika, mathalani bei ya pweza sokoni siku hiyo au rangi ya kanga ya mwanamke huyo. Watafiti wa Apple walionesha mwaka 2024 kwamba kuongeza sentensi moja isiyohusika katika maswali ya hesabu za maneno kulishusha sana usahihi wa majibu ya programu walizozijaribu. Ulizeni swali moja kwa maneno tofauti, katika mazungumzo mapya kila mara, na jibu moja zuri lisiwalevye wala jibu moja baya lisiwakatishe tamaa. Majibu sahihi yaandikwe kabla na mtu mwingine, na anayeuliza asiyaone, ili asije akaivuta programu kwenye jibu kama von Osten alivyomvuta farasi wake. Jambo hili la mwisho wengi hulipuuza, na ndilo linaloharibu majaribio ya nyumbani kuliko yote, kwa sababu programu hizi zina mwelekeo mkubwa wa kukubaliana na mzungumzaji. Mkiiuliza "Una hakika?" kwa namna ya kutilia shaka, mara nyingi italiacha hata jibu lililo sahihi.

Jaribuni pia kuzungumza nayo kwa Kimakunduchi, au kwa Kipemba kama kinavyosemwa Micheweni. Mara nyingi itababaika, na wapo watakaocheka na kusema kwamba basi haina akili. Huo si uadilifu. Imebabaika kwa sababu lahaja hizo zimeandikwa kidogo sana na haikuzisoma, na kukosa maarifa si kukosa akili. Mpemba aliye hodari wa kila jambo akipelekwa China atababaika pia. Kwa kipimo hicho hicho, Kiswahili chake kisafi kisichukuliwe kuwa dalili ya akili. Kama mnataka kuigeuza lahaja kuwa kipimo cha kweli, ipeni programu maneno na sentensi chache za Kimakunduchi pamoja na maana zake, kisha muitake itunge sentensi mpya kwa kanuni zilizomo katika zile za kwanza, na mzee wa Makunduchi aihakiki.

Mkifanya hivyo kwa uvumilivu, nadhani mtafika nilipofika mimi: kwamba programu hizi zina akili ya kweli, lakini iliyopanda na kushuka bila ya mpangilio tuliouzoea kwa wanadamu. Mwaka 2016 huko Seoul programu ya AlphaGo ilimshinda bingwa wa mchezo wa Go, Lee Sedol, mara nne kwa moja, na haikuweza kufanya jambo jingine lolote nje ya mchezo huo. Programu za leo zinaweza mengi, na bado zinaweza kutatua tatizo gumu la hesabu na kisha zikakosea jambo ambalo mtoto asingelikosea. Kwa hiyo msiandike "ina akili" bila ya kuandika katika lipi.

Kupima fahamu

Hapa kanuni ya kwanza ni kwamba msiiulize. Programu ikisema kuwa inahisi, au ikisema kuwa haihisi, maneno hayo hayana uzito wa ushahidi, kwa sababu yametokana na maandishi iliyosomeshwa na namna watengenezaji walivyoitaka ijibu. Historia imeshatuonya. Mwaka 1958 gazeti la New York Times liliripoti kuwa Jeshi la Wanamaji la Marekani linatarajia mtambo wa Frank Rosenblatt, mmoja wa mitandao ya neva ya mwanzo kabisa, siku moja uweze kutambua kuwepo kwake wenyewe. Na mtambo huo kwa wakati ule ulikuwa ukijifunza tu kutofautisha kadi zenye alama kushoto na zenye alama kulia. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum alitoa maelezo ya programu yake ya Eliza, ambayo haikuwa hata mtandao wa neva bali kanuni chache za kuyageuza maneno ya msemaji yawe maswali, na alishtuka kuona watu wakiifungulia nyoyo zao. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alitangaza hadharani kwamba programu ya LaMDA ina hisia, akitegemea mazungumzo aliyofanya nayo. Wote waliosadiki namna hiyo walikuwa watu wenye akili zao timamu. Sisi wanadamu tumeumbwa tukisikia maneno ya majonzi tumtafute mwenye majonzi.

Ili kuelewa kwa nini maneno hayatoshi, mfikirieni pweza. Ana neva zipatazo nusu bilioni, na nyingi kati ya hizo zimo mikononi mwake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionesha kwamba pweza aliyetiwa maumivu katika chumba fulani hukiepuka chumba hicho baadaye, naye akipewa dawa ya ganzi anavutiwa na mahali alipopatia nafuu. Ushahidi wa aina hiyo ndio uliochangia Uingereza kuwaingiza pweza na jamaa zake katika sheria yake ya mwaka 2022 ya ustawi wa wanyama wanaohisi. Pweza huyo anaaminika kwa sababu hajapata kusoma habari za maumivu yetu. Anachokifanya kimetoka kwake. Mtandao wa neva umezisoma zote, na kwa hiyo kila dalili ya nje ambayo tungeitafuta kwake inaweza kuwa ni nakala. Susan Schneider na Edwin Turner wamependekeza mtandao ufungiwe mbali na maandishi yoyote yanayozungumzia fahamu, kisha utazamwe kama utaligundua jambo hilo wenyewe. Ni kipimo kizuri kwa fikra, ila kukitekeleza kwa programu zinazotengenezwa kwa maandishi ya dunia nzima ni shida kubwa.

Kinachobaki ni kuutazama muundo, na hapa inabidi muwaendee wananadharia. Msidanganyike na wingi wa neva. Ubongo wa mwanadamu una neva zipatazo bilioni 86, na nyingi kati ya hizo, kiasi cha bilioni 69, zimo katika sehemu ya kisogoni iitwayo serebela. Hata hivyo, wamepatikana watu waliozaliwa bila ya sehemu hiyo na fahamu zao zimekamilika. Kwa hiyo mpangilio ndio unaohesabiwa. Bernard Baars, katika nadharia aliyoitoa mwaka 1988, anaona fahamu hutokea pale habari iliyochaguliwa inapotangazwa kwa sehemu zote za akili kwa pamoja. Giulio Tononi anaona ni suala la kiasi gani sehemu za kitu zimefungamana kimaumbile hata zikaathiriana zikiwa kitu kimoja, na kwa nadharia yake kompyuta za kawaida hazina fahamu hata zikizungumza kama malaika. Anil Seth anaifungamanisha fahamu na uhai wenyewe, na mwili unaopigania kubaki hai. Kwa upande wa pili, Geoffrey Hinton, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2024 pamoja na John Hopfield, amesema hadharani kwamba anaamini fahamu imeshaingia katika mitandao hii.

Njia inayotumika vizuri zaidi darasani ni ile ya watafiti 19 walioandika ripoti ya pamoja mwaka 2023, wakiongozwa na Patrick Butlin na Robert Long. Walizichukua nadharia kadhaa za kisayansi, wakatoa katika kila moja alama za muundo ambazo mtu anaweza kuzitafuta ndani ya programu, jumla yake 14, kisha wakazipima programu za wakati huo. Walihitimisha kwamba hakuna iliyokuwa na sifa za kutosha kudhaniwa kwa nguvu kuwa ina fahamu, lakini pia hawakuona kizuizi cha kiufundi kilicho dhahiri cha kuitengeneza itakayozitimiza. Wanafunzi wakiipitia alama moja moja na kuuliza kama programu waliyonayo inayo, watajifunza zaidi kuliko kwa mabishano ya juma zima. Waambieni pia kwamba ripoti hiyo inasimama juu ya sharti moja: kwamba hesabu ya aina inayostahili inatosha kuleta fahamu, iwe imefanywa na nyama au na silikoni. Asiyelikubali sharti hilo, kama Seth, hatayakubali matokeo hata alama zote 14 zikionekana.

Nami naona sharti hilo halijathibitishwa. Mwaka 1998 mwanasayansi wa ubongo Christof Koch alimwekea mwanafalsafa David Chalmers dau kwamba katika miaka 25 sayansi ingekuwa imeshaipata alama iliyo wazi ya fahamu ndani ya ubongo. Mwaka 2023 Koch alikubali kuwa ameshindwa. Ikiwa ndani ya ubongo wetu wenyewe jambo hilo bado linatafutwa, basi anayeapa kwamba programu ina fahamu na anayeapa kwamba haiwezekani kamwe wote wawili wamevuka ushahidi. Hukumu ninayoweza kuitetea kwa leo ni kwamba hakuna sababu nzuri ya kuamini kuwa programu za kuzungumza tulizonazo zinahisi, na kwamba mlango haujafungwa.

Kuiandika na kuitumia hukumu

Andikeni hukumu mbili katika karatasi mbili. Katika ile ya akili, tajeni jina la programu na toleo lake, tarehe, maswali yote kama yalivyoulizwa, majibu yote pamoja na yale yaliyokosewa, na eneo ambalo hukumu inahusu. Katika ile ya fahamu, andikeni mmetegemea nadharia ipi, mmeona alama zipi na kukosa zipi, na ni ushahidi gani ambao ungewafanya mbadilishe rai. Karatasi ya pili isiyo na sehemu hiyo ya mwisho irudishwe kwa mwanafunzi aikamilishe.

Kisha hukumu hizo ziongoze matumizi. Eneo ambalo programu imeshindwa majaribio yenu, lisitegemewe bila ya mtu wa kuhakiki, khasa katika dawa, fedha na fatwa. Kijana anayeifungulia moyo asikemewe wala asichekwe. Aelezwe kwamba maneno ya huruma anayoyasoma yamejifunzwa kutoka kwa watu waliowahi kuhurumia, kwamba anachokiandika kinaweza kuhifadhiwa na kampuni iliyo mbali, na kwamba nyumbani au skuli yupo mtu wa kumsikiliza, kisha atajiwe mtu huyo kwa jina. Na kila linapotoka toleo jipya la programu, majaribio yarejewe tangu mwanzo kwa maswali mapya, kwa sababu maswali ya zamani, yakiwa yameshawekwa mtandaoni, huenda nayo yamo katika yale iliyosomeshwa.